Papa, ile grisi tuliyopaka ndani ya breki

Papa yangu,

Sijui barua inafikaje kule uliko. Lakini wewe ndiye niliyezoea kukwambia woga wangu, na leo ninaogopa sana. Asubuhi mudogo wangu Joseph ametoka hapa Nchelenge, anapeleka boti ya Ba Chanda, yule muvuvi, kule Puta kwa ile trela tuliyotengeneza mimi na wewe. Saa moja baada ya yeye kuondoka nilijua kwamba breki za trela ile ni mbovu, na kwamba ni mimi niliyeziharibu.

Unakumbuka Ba Chanda alivyokuja mara ya kwanza? Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala juzi tu, na sanduku moja la spana. Alikuja kutoka Kafutuma na ekseli nyembamba ya trela begani, anajidai, anasema boti yake si nzito. Ukamuangalia tu. "Ba Chanda, unapima boti iko mukavu. Weka moteri, weka mafuta, weka nyavu ziko na maji, ndo upime." Alinuna, akaenda zake, na siku ya tatu akarudi na ekseli nene ya mitumba, yenye breki za umeme. Hatukuwa tumewahi kugusa breki za umeme, Papa. Lakini hukumwambia, na mimi nilinyamaza.

Ili tupime kama ekseli imekaa sawa, tulifunga kamba ya nyavu kwenye shingo ya trela, kule mbele, tukaivuta mpaka mwisho mumoja wa ekseli, kisha mwisho wa pili. Ilitofautiana upana wa kidole. Mimi nilisema yatosha, wewe ukafungua bolti zote. "Itatembea kiubavu, itakula mipira ya magurudumu." Tulirudia mara nne, jua kali, na mimi nikikutukana moyoni. Unisamehe.

Kisha ukafungua dramu, ule muduara wa chuma ndani ya gurudumu, ukaichunguza mpaka ukaielewa, ukanionyesha. Dereva akikanyaga, umeme unaingia kwenye sumaku, sumaku inang'ang'ania chuma kinachozunguka, inavuta kamukono kadogo, na kamukono kanasukuma viatu vya breki vibane ukuta wa dramu. Nikakuuliza, "Kumbe breki nayo inavaa viatu?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kicheko kile ninakikosa sana.

Sasa nije kwa lile linalonichoma. Huku ziwani batu hawashushi boti kwa mikono kama wana trela. Wanarudisha trela nyuma mpaka magurudumu yanazama, boti inaelea yenyewe. Miezi michache tu, sumaku za Ba Chanda zikaota kutu. Ulizisugua, ukazifunga tena, halafu ukanipa mukebe wa grisi. "Maji ya ziwa inakula chuma. Paka yote, usiache hata kidogo." Nilipaka. Kwenye beringi, sawa. Lakini nilipaka na sumaku, na viatu, na ukuta wa dramu, huku nikiimba. Ndivyo ulivyotunza moteri za boti miaka yote kule kwetu Pweto, Congo, na hakuna moteri yako iliyoliwa na kutu. Ila moteri ya boti haina breki, Papa. Sisi batu wa maji hatukujua kwamba kuna chuma kinachotaka kubaki kikavu ili kishike, kikipata grisi kinateleza.

Tulijaribu, kweli. Tuliinua gurudumu kwa jeki, nikalizungusha kwa mukono, ukabonyeza breki, likasimama. Tulifurahi. Lakini gurudumu tupu la kuzungushwa kwa mukono linasimama hata kwa breki dhaifu.

Leo asubuhi nilifungua katoni ya ekseli mupya ya muteja mwingine. Ndani kulikuwa na karatasi ya Kingereza. Sikuhitaji kusoma, kulikuwa na picha: mukebe wa grisi juu ya viatu vya breki, umekatwa na musalaba mwekundu. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga.

Nilimupigia Joseph. Simu haikupita. Nikapiga tena na tena, na kila mara nilikuwa naona ule muteremuko unaoishia sokoni, wamama wamepanga samaki mpaka ukingo wa barabara, na boti nzima inamusukuma mutoto wako kwa nyuma. Nilisali, nikasahau maneno, nikaanza upya.

Saa saba akapiga yeye. Amefika. Nilimufokea badala ya kushukuru, nikamwambia asiguse trela, breki hazifai. Kisha akasema polepole, "Yaya, dada yangu, najua. Haishiki na muzigo tangu mulipoifungua kusugua kutu. Ninateremuka na gia ya kwanza tu, tangu Papa iko muzima."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ilikuwa kazi ya Papa. Ningesema nini?"

Papa, mutoto wako amebeba roho yake mukononi muda wote huo ili jina lako lisichafuke mbele yangu. Nililia. Halafu nilikukasirikia, ndiyo, wewe, na sijawahi kukukasirikia tangu tukuzike.

Nimemwambia aache trela Puta. Kesho nitaifuata na viatu vipya, nitaosha dramu mpaka ing'ae, na nitamwambia Ba Chanda kwamba tulikosea. Watu watasema fundi anamutukana baba yake aliyekufa. Waseme. Wewe ungefungua bolti zote.

Lakini woga haujaisha. Trela tulizopaka grisi zilikuwa tatu. Hii ya Ba Chanda. Ya kanisa, nimekwisha kuisimamisha. Na ile ya rangi ya bluu, ya yule bwana aliyevuka nayo kwenda Congo na familia yake juu ya muzigo. Mulikuwa munaongea ninyi wawili pembeni. Mimi sikuuliza jina, sikuchukua namba. Nilipaka tu. Leo nimeuliza bandarini, nimeuliza Mantapala, hakuna anayemujua.

Wewe peke yako ndiye ulimujua, Papa. Na mimi siwezi kukupigia.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.