Kusi Ndani ya Ukumbi

Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi upepo wa kusi mkali, mawingu mepesi, mvua hakuna. Nimefungua ukumbi wa Mbweni mapema. Madirisha yote ya mbao nimeyafunga kwa makomeo, mlango nimeubana kwa gunia la mchanga. Ndivyo mchezo wa vinyoya, yaani badminton, unavyotaka. Kinyoya ni chepesi mno, pumzi ya mlangoni tu inakitoa nje ya mstari. Birika jikoni, vinyoya juu ya mvuke kidogo, manyoya yasikatike ovyo. Wasichana saba wamekuja. Miguu kwanza, kisha mipigo mirefu.

Zuhura bado anapiga nje. Mwezi mzima sasa. Nimembadilishia mshiko, nimembadilishia raketi, hakuna faida. Ana mkono ambao sijauona tangu niache kucheza, na anaupoteza nje ya mstari.

Leo nimekaa kwenye benchi nikamtazama tu. Akiwa upande huu wa wavu, anakosea kushoto. Akihamia upande wa pili, anakosea kulia. Yaani daima upande ule ule wa ukumbi. Upande wa kusini.

Nikamwita. Akaitika naam, Mwalimu. Nikamuuliza: Mbona unapiga kule?

"Nnaupa upepo haki yake, Mwalimu."

Upepo gani, na mimi nimefunga kila tundu? Akatazama madirisha. Akaona haya. Kumbe anafanya hivyo bila kufikiri.

Jumanne, 6 Agosti

Jua kali. Baada ya alasiri nimekwenda kwao, mtaa wa Ng'ambo. Nilitaka kuona alikojifunzia.

Ni kichochoro kati ya nyumba mbili, kimeelekea kusini moja kwa moja. Kusi linaingia mle kama maji mferejini. Wavu ni kamba ya kuanikia nguo, imefungwa kwa urefu wa kichochoro ili upepo upite ubavuni mwa wachezaji, na juu yake kanga za bibi yake. Humo ndimo alimochezea tangu mdogo, kila siku, na binamu zake. Hajawahi kupiga kinyoya kwenye hewa iliyotulia mpaka alipokuja kwangu.

Bi Mize, bibi yake, ndiye aliyemlea. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kisha kanionyesha kanga zake moja moja. Zote zina matundu ya raketi.

"Hii ya Idi. Hii ya harusi ya mwanangu. Wewe mwalimu utanilipia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema maneno yake bila kupindisha. Jumamosi Zuhura anacheza na Nasra, na mshindi ndiye atakayekwenda Dar kwenye mashindano. Akishinda, aende. Akishindwa, raketi itundikwe ukutani, msichana arudi kwenye vitabu na cherehani. Na Jumamosi Bi Mize atakuja mwenyewe, asisimuliwe.

Nasra ni mwanafunzi wangu pia. Safi, mtulivu, hakosei. Kwa hali ya sasa atashinda.

Alhamisi, 8 Agosti

Manyunyu alfajiri, kisha kukavu. Nimemwambia Zuhura: sahau upepo, haupo. Amejitahidi. Amekuwa mbaya zaidi. Anasita kabla ya kupiga, na mchezo huu hausubiri mtu asitaye. Mwisho akalia. Nikampa maji, nikamwacha.

Naogopa. Miaka kumi na moja nimekula kwa raketi hii. Bara kwanza, kisha Nairobi, kisha msimu mmoja Ulaya kabla goti halijakataa. Mimi nilifunzwa ndani, milango imefungwa. Nakumbuka ukumbi mmoja mkubwa huko, viyoyozi vinavuma kutoka darini, na kinyoya kikanikimbia mchezo mzima. Sikuelewa kinakwenda wapi. Nikafungwa na mtu niliyemzidi. Kocha wangu naye hakuelewa.

Leo usiku nimeliwaza hilo sana. Sijui nilifanyie nini.

Jumamosi, 10 Agosti

Kusi kubwa tangu alfajiri. Minazi imeinama.

Watu wengi kuliko nilivyotarajia. Jamaa wa Nasra wamejaza mabenchi ya mbele. Bi Mize amekaa nyuma na buibui lake, mkoba mapajani. Jezi ya Zuhura ya mikono mirefu ilikuwa inanukia udi. Bibi yake aliifukiza.

Seti ya kwanza ilikuwa mateso. Kusini, kusini, kusini. Kaka yake Nasra akapiga kelele: "Kinyoya kinakwenda Kizimkazi hicho!" Ukumbi ukaangua kicheko, maana Kizimkazi ni ncha ya kusini ya kisiwa. Bi Mize akajibu kutoka nyuma, sauti kavu: "Kizimkazi ndiko kwetu. Kiache kikasalimie." Wakacheka zaidi, lakini Zuhura naye akatabasamu. Alifungwa vibaya hata hivyo.

Seti ya pili, Nasra akiongoza, umeme ukakatika. Giza. Tukasubiri. Joto likawa la tanuri. Mwamuzi akawauliza wasichana: tuahirishe, au tufungue madirisha tupate mwanga? Nasra akasema tufungue. Angeweza kukataa. Zuhura akaitikia kwa kichwa.

Makomeo yakafunguliwa. Kusi likaingia.

Sijui niandikeje. Nimeona wachezaji wakubwa. Sijaona hiki. Kila mpigo wa Nasra ulipeperushwa nje, na kila mpigo wa Zuhura ulitoka ukielekea nje, nje kabisa, kisha upepo ukauchukua ukaurudisha taratibu, ukautua ndani ya mstari. Kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu. Hakuwa anafikiri. Aliuacha upepo upige nusu yake. Mimi nilisimama na goti langu bovu, sikujua kwamba nimesimama. Akaichukua seti.

Kisha umeme ukarudi. Madirisha yakafungwa. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Zuhura akasimama katikati ya kiwanja, mkono juu, vidole vimeachana. Mwamuzi akamhimiza. Akakaa hivyo bado, kama anasikiliza. Halafu akaanzisha. Mpigo wake mrefu wa kwanza ulikwenda sawa sawa na kuanguka juu ya mstari wa nyuma. Wa pili pia. Nasra hakulegea, alipigania kila pointi, na mwisho Zuhura alimshinda kwa pointi mbili tu. Lakini hakuna kilichokwenda Kizimkazi tena.

Nilimuuliza baadaye amefanyaje. "Mwalimu, mie nilikuwa sijui kutulia kukoje. Nilipousikia umeingia, ndipo nikausikia ulipoondoka."

Mwezi mzima nilimwambia haupo. Kumbe alihitaji kuusikia ukiondoka.

Nasra amelia, kisha akaja kumkumbatia. Nitamfundisha upepo na yeye. Sijui kwa njia gani, mimi mwenyewe siujui.

Bi Mize alingoja watu watoke. Aliniuliza swali moja: "Huko Dar kuna upepo?" Nikamwambia hakuna, ila ukumbi wao una viyoyozi, vinapuliza kutoka juu. Akafikiri. "Basi atawatia adabu," akasema, akafunga mkoba wake.

Jumapili, 11 Agosti

Kumetulia kidogo, kusi jepesi. Sikufungua ukumbi.

Jioni nimekwenda Ng'ambo na raketi yangu. Nimemwomba Zuhura anifundishe. Bi Mize ametundika kanga mpya kwenye kamba. Mpigo wangu wa kwanza ulipanda juu ya bati la jirani. Wa pili pia. Zuhura alijizuia kucheka, bibi yake hakujizuia. "Mwalimu, upe haki yake," akaniambia huyo mtoto. Nimejaribu mpaka magharibi. Kinyoya kimoja tu kilirudi. Nilikiona kikitoka, nikajua kimepotea, kisha kikageuka hewani chenyewe, kikatua upande wa Zuhura wa kanga. Nilibaki nimekitazama pale chini.

Nyumbani nimekanda goti kwa maji moto. Dirisha la kusini nimeliacha wazi, pazia linajaa na kushuka. Nimelala kitandani nikilitazama.

Saa tano kasoro robo. Usingizi umefika.