Pazia la Onyesho na Upande wa Akina Mama

KAMATI YA SHEREHE YA HEKALU LA MAMA MARIAMMAN, KIJIJI CHA MELAKKURICHI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumapili, tarehe 21 Machi 1976, barazani mwa hekalu, baada ya ibada ya asubuhi

Waliohudhuria:
Bw. Karuppiah, mwenye duka – Mwenyekiti
Bw. Sornalingam – Mhazini
Bi. Alamelu, shangazi wa Mwenyekiti – Mjumbe wa akina mama
Bw. Sabapathi, msoma tenzi wa hekalu – Katibu

Mwalikwa:
Bw. Dasan, fundi wa mashine ya filamu

Hakuhudhuria kwa udhuru:
Bw. Periyannan – Mjumbe. Alituma salamu kwamba ng'ombe wake anazaa. Ng'ombe huyo alizaa pia siku ya kikao kilichopita.

KUMB. NA. 1/76: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa kwa utenzi wa kumsifu Bwana Shiva. Mwenyekiti aliomba ufupishwe. Haukufupishwa.

KUMB. NA. 2/76: FILAMU YA SIKU YA MWISHO YA SHEREHE
Mwenyekiti alieleza kwamba, kama ilivyo ada, itaonyeshwa filamu ya zamani ya mapenzi na mauaji iitwayo Asumini Kisimani, ambamo binti wa tajiri anapendwa na wanaume watatu, na mmoja wao amemuua tajiri. Katibu aliuliza kama haingefaa, katika sherehe ya Mama Mariamman, kuonyesha walau mara moja maisha ya mtakatifu. Wajumbe walimshukuru Katibu kwa mchango wake, kama wanavyomshukuru kila mwaka.

KUMB. NA. 3/76: LALAMIKO LA AKINA MAMA
Bi. Alamelu alikumbusha kwamba pazia la filamu hutundikwa katikati ya njia. Wanaume hukaa magharibi, pamoja na mashine. Akina mama hukaa mashariki, nyuma ya pazia, ambako picha hupenya ikiwa imegeuka, kulia kukawa kushoto. Kwa maneno yake: "Tangu niolewe naona mashujaa wanakula wali kwa mkono wa kushoto. Nikadhani ndivyo wanavyokula watu wa Madras."

Mhazini aliuliza madhara yake ni nini, maana wali huliwa ukaisha kwa mkono wowote.

Bi. Alamelu alieleza kwamba mwishoni mwa filamu daktari hutamka kuwa muuaji hutumia mkono wa kushoto, kisha inspekta huwapa wale wanaume watatu kalamu watie sahihi. Akina mama huona wawili wakiandika kwa kushoto na mmoja kwa kulia. Yule wa kulia hufungwa pingu, na mmoja wa wale wa kushoto humwoa binti. "Maskini wa Mungu! Kila mwaka tunamlilia mpaka pindo za nguo zetu zinalowa, na ninyi huko mnapiga miluzi."

Mwenyekiti alikiri kwamba wanaume waliyasikia maombolezo hayo na kuyahesabu kuwa ni wepesi wa mioyo ya wanawake. Mhazini aliuliza kwa nini hawakusema.

"Tuseme nini, baba? Tulijua inspekta kahongwa. Hapa kwetu nani angeshangaa?"

Mwenyekiti, ambaye mdogo wake ni askari polisi, aliomba maneno hayo yasiandikwe. Ombi lake limeandikwa.

Bw. Dasan alithibitisha kwamba mwezi huu alipita kwa Bi. Alamelu kunywa mtindi, akamkuta anamlaani shujaa wa filamu, ndipo akamfumbulia ukweli.

Bi. Alamelu aliomba akina mama waketi mbele ya pazia mwaka huu. Alisema baada ya sherehe anakwenda Madurai kupasuliwa jicho lake lililobaki, na daktari hajaahidi kitu. "Karuppiah mwanangu, nataka nimwone muuaji sawasawa kabla jicho hili halijafunga duka."

Mwenyekiti alijibu: "Shangazi, mila ni mila. Wanawake mashariki, karibu na mlango wa hekalu la Mama. Leo mkivuka huku, kesho mtataka kupiga miluzi."

"Nani kakwambia hatujui?"

Mwenyekiti alitangaza kwamba yeye atafuata mila neno kwa neno, na akamtaka Katibu aisome ili shauri liishe.

KUMB. NA. 4/76: UFAFANUZI WA MILA
Katibu alisoma katika kitabu cha hekalu kwamba wanawake na wakae mashariki, wanaume magharibi. Aliongeza, kwa kuwa aliulizwa, kwamba kuhusu mashine ya filamu wazee wetu hawakuacha neno lolote.

Mwenyekiti alidai kwamba mashine haiwezi kuhamia mashariki, kwani hupata umeme wa dukani kwake. Bw. Dasan alisema waya wa taa ya hekalu uko mashariki, tena ni mnene zaidi.

Iliazimiwa: kila mtu abaki mahali pake pa mila, na mashine ihamie mashariki. Mwenyekiti alikubali, akisema ameshinda, maana hakuna mwanamke aliyevuka. Kamati ilimpongeza.

KUMB. NA. 5/76: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa tano asubuhi, baada ya majivu matakatifu kugawiwa na uji wa ulezi kunywewa.

NYONGEZA YA KATIBU: UTEKELEZAJI
Azimio lilitekelezwa. Upande wa magharibi, mchumba wa binti wa Mwenyekiti, mgeni kutoka Karaikudi, aliuliza kwa sauti kubwa kwa nini amefungwa asiye na hatia. Mwenyekiti alimweleza kwa kirefu. Mgeni hakuridhika.

Upande wa mashariki hakuna aliyelia. Pingu zilipofungwa, Bi. Alamelu alisikika akisema, "Kumbe ni yeye, mbwa huyu! Nirudishie machozi yangu." Kisha ukapigwa mluzi mrefu. Mpigaji hakutambuliwa, ila alikuwa ameketi mahali palepale alipoketi Bi. Alamelu.

Mwenyekiti aliomba kuiondoa sahihi yake katika kumbukumbu hizi. Katibu alimjulisha kwamba wino umekwisha kukauka.

(Sahihi) Karuppiah, Mwenyekiti
(Sahihi) Sabapathi, Katibu