Chumba cha Mama Hakivuji Tena

Brooklyn Center, Minnesota
16 Novemba 2014

Dada yangu mpendwa Imaculata,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana yaliyomo si ya kusomwa umesimama. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, bado anakula vizuri na kuwafokea majirani kama kawaida yake? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Perpétue anakusalimu, binti yetu Merveille anakusalimu kwa Kiingereza, na mimi nimenenepa kwa fahari tupu. Anayekuletea barua ni Brightness, yule binti wa Marangu anayesoma chuo hapa. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikianza tu kueleza, unasema salio limekwisha, wakati aliyepiga ni mimi.

Dada, najua unachoogopa. Baridi ya mwaka jana gata za nyumba yangu, ile mifereji ya maji ya paa, zilijaa majani, majani yakaganda barafu, maji yakakosa njia yakapita darini na kudondoka juu ya mto wa kitanda, chumba kile kile nilichosema ni cha Mama. Merveille naye hakuona la kufanya ila kukutumia picha. Tangu hapo umesema humtoi Mama kwenda kulala chini ya paa la mtu ambaye nusu ya maneno yake ni upepo, tena ulisema mbele ya ukoo mzima kwenye kipaimara cha mtoto wa Kassian. Na operesheni ya goti umeiahirisha tena, eti hakuna wa kukaa na Mama wewe ukiwa umelala. Sasa sikiliza nilichoifanyia nyumba hii kabla ya theluji.

Huku mwezi wa kumi miti yote inavua nguo. Mwaka huu majani yalianguka mpaka gari la jirani likapotea, wakalitafuta kwa kubonyeza honi. Wenyeji huyakokota kwa reki, wakayatia kwenye mifuko ya karatasi na kuyapanga kando ya barabara yachukuliwe. Mimi mtoto wa kihamba, niliyekulia migombani, kuona mbolea ya namna ile inatupwa, nilishikwa na uchungu wa kweli. Nikapita nyumba kwa nyumba na toroli, nikabeba mifuko yao yote, nikayamwaga majani kuzunguka ukuta wangu mpaka usawa wa madirisha, vile tunavyofunika mashina ya migomba. Nyumba ikavaa koti. Mzee Lundgren, jirani ambaye tangu tuhamie alikuwa akinisalimu kwa kidole kimoja, alitoka akanitazama sana, kisha akasema kwa upole kwamba amezeekea mtaa huu na hajawahi kuona mwizi wa majani. Nikamwambia akae atazame, atajifunza.

Kwa bahati mbaya panya nao walilipenda koti. Wiki haikwisha, Perpétue akakuta ukoo mzima umehamia besimenti, yaani kile chumba cha chini ya nyumba, pamoja na wakwe zao. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu kwamba weye unasemaka sana, leo utabeba. Nikabeba. Majani yote sasa yako nyuma kabisa ya uwanja, yanaoza kwa adabu, na mwakani mchicha wangu utaonekana kwenye ramani.

Baada ya hapo hakuna kilichonishinda. Mpira wa kumwagilia niliukung'uta maji nikauviringisha kama nyoka aliyekufa. Bomba la nje nililifunga kwa ndani, maji yakatoka yote, maana yakigandia humo linapasuka. Madirisha nikayaziba nyufa kwa silikoni, halafu nikapita na mshumaa kila pembe kusikiliza upepo. Mwali haukutikisika. Hata mbu mwenye barua ya mwaliko asingepita.

Likabaki paa. Mzee Lundgren aliniazima ngazi yake ndefu, na mtaa mzima ukatoka. Kutoka juu kule niliuona mto Mississippi unavyopinda kwenda Inver Grove Heights, nikawaona na wenzangu wa ghala ninalofanyia kazi kule Shakopee wanaingia zamu, nikawapungia. Upepo ukataka kunichukua. Nikashika dohani kwa mkono mmoja, wa pili nazibua gata. Zilitoka takataka za kujaza lori, na kindi mmoja aliyekuwa amejikunyata humo, nikamwomba radhi. Watu walipiga makofi mpaka mbwa wakalia.

Jumatatu theluji ikashuka, nzito. Jua lilipotoka ikaanza kuyeyuka juu ya paa, na maji yakateremka kwenye bomba yakiimba, nje, mahali pake. Nimelala kwenye chumba cha Mama na shuka moja tu, dada, na nimeamka shuka kavu kama unga. Mzee Lundgren amekuja na pai ya maboga na amenipa mkono mzima. Tumeshinda.

Nilitaka niishie hapo. Lakini najua ukifika kwenye kindi utaikunja barua na kusema Mama haendi. Basi ukweli ni huu: sikupanda paa. Nilifika nusu ya ngazi, nikaikumbatia ile ngazi kama mtoto anayeng'ang'ania shingo ya mama yake siku ya kwanza ya shule, sipandi, sishuki. Perpétue akavua viatu, akaja kunibandua kidole kimoja kimoja, akanishusha, akapanda yeye. Baba yake alikuwa fundi wa mapaa kule Bukavu, na yeye paani yuko kama sebuleni. Alizibua gata zote, akapigilia bati lililokuwa limeachia, akashuka akaenda kusonga ugali. Makofi yalikuwa yake. Mimi niliinama kuyapokea tu. Kindi ni wa kweli.

Kwa hiyo Mama usimkabidhi kwangu, dada. Mkabidhi kwa Perpétue. Yeye amekagua ninachoandika hapa, na uongo hataki kuusikia hata wa kuchekesha, na anasema hivi: chumba hakivuji, kina joto, Mama aje. Brightness anarudi huku Januari, watapanda ndege moja, atamshika mkono. Nawe nenda katibiwe goti bila wasiwasi.

Mwambie Mama asihangaike na mablanketi, abebe unga wa ulezi. Mbusu kwa niaba yangu, na wote wa kihambani wajue tunawakumbuka mezani kila Jumapili. Mungu akulaze salama na akuamshe ukitembea.

Ni mimi mdogo wako,
Gasto,
niliyeshika ngazi, na niliishika vizuri.