Kanga Juu ya Mkunazi

Salma mjukuu wangu,

Salamu kutoka Ansab. Babu yako hajambo, ila kikohozi kidogo. Umeniuliza kwa nini sisemi na jirani. Kaukata matawi mkunazi wa wadini, lile bonde nyuma ya nyumba, gari lake lipate kupita. Ndege bulbul kataga humo, ana makinda. "Kiota sijakigusa," ananiambia.

Nna hasira. Nilipokuwa na miaka kumi nilichuma majani ya mkunazi huohuo, tukoshee nywele. Kiota kilichokuwemo sikukigusa. Kufika jioni makinda yote yamekufa kwa jua.

Mimi nilikuwa mtoto. Yeye ana wajukuu. Nimetandaza kanga yangu juu ya kiota, na ndege keshapita chini yake kulisha wanawe. Jirani akiitoa, atanitambua.

Bibi yako,
Zuwena