Ngazi Tisa za Mbele

Jumamosi, 13 Januari 1968

Basi, jana hapa ndio nilikuwa nimefika kuandika, taa ikaisha mafuta. Kingori fundi wa rangi yuko juu ya pipa, anafuta jina ya skuli. Amepaka nyeupe mara tatu na LEDI HAWUDI inatokea tu! Ati, "Mama Mwanasiti, huyu mzungu hataki kwenda." Nilicheka mpaka nikaketi chini. Leo ameandika juu yake: WENDO GIRLS. Nimesoma mwenyewe, polepole. Gumbaru, ile skuli ya watu wazima, imenisaidia! Lakini jua ikipiga, Ledi bado unamwona.

Miaka kumi na moja nimeosha hizo ngazi tisa za mbele kwa magoti. Sijawahi kuzipanda nikiwa nimesimama. Mlango ya mbele ilikuwa ya watoto wa wazungu masetla na mama zao. Sisi wafanyikazi, mlango ya jikoni. Hata kung'arisha kitasa ya nje nilikuwa nazunguka nyumba yote.

Na sasa Mwanasiti wangu, Fomu Wani hapo! Ngai! — astaghfirullah, hiyo Mungu ya Kikuyu nimefunzwa na Waithira mpishi.

Jumapili, 14 Januari

Nimemwona na macho yangu. Miss Murugi, hedimistresi, Mwafrika, amekaa kwa ile kiti kubwa! Nilitaka kuvua viatu. Kwa ukuta kuna ubao ya majina ya wasichana wazungu, maandishi ya dhahabu. Nikauliza, nitoe? Akasema, "Wacha, Mama Mwanasiti. Hapo chini kuna nafasi."

Ati kesho saa tatu majina yataitwa hapo kwa ngazi za mbele. Asiyeitika, nafasi inapewa mwingine. Wanaongoja ni wengi, hata wametoka mbali, Chaka na Kagio.

Jumatatu, 15 Januari

Tumewapita wote! Tumekaa juu ya sanduku, yunifomu bado inanuka duka. Hakuna mtu mwingine. Mwanasiti ati, "Mama, mbona tuko peke yetu?" Nikamwambia wengine bado wanakunywa chai. Naandika tukingoja.

Kengele imelia. Nasikia majina, mbali kidogo, ng'ambo ya nyumba.

"Kobia!" — "Niko, Madam!"

Sauti yetu, ndani ya hiyo nyumba! Machozi imekuja yenyewe.

"Mbeti!" — "Niko!"

Waithira ametoka na beseni ya maganda. Ananiangalia, anaangalia mtoto. "Mama Mwanasiti! Una wazimu? Umemleta kwa mlango ya jikoni? Wacha hiyo kitabu, kimbia, wamefika kwa Mwana—