Fenda ya Kushoto

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mzee Ambrose kaniletea gari lake baada ya misa. Benzi, jeusi tii. Harusi ya binti yake Maureen ni Jumamosi hii, na bibi harusi atapanda humo.

Jua la London lilichungulia kidogo, nikaiona boneti vizuri. Loo! Michirizi ya duara imejaa kama utando wa buibui. Hizi car wash za barabarani — kitambaa kimoja kinafuta magari ya kutwa nzima, mchanga ndani yake.

"Mwanangu, nataka Maureen ajitazame humo kama kwenye kioo," kasema.

Nikamwambia ataona. Sikumwambia kwamba naogopa. Rangi nyeusi naiogopa kuliko zote. Ukizidisha mkono kidogo tu, vanishi ya juu inaisha, na hairudi. Halafu huyu si mteja. Ndiye aliyenipokea Heathrow na koti la ziada mkononi. Msimu mzima wa baridi nililala sebuleni kwake. Mimi na Blandina alitusimamia ndoa.

Kanisani aliongoza sala ya kumwombea Mama Gaudensia wa kwaya yetu. Bado yuko hospitali Lewisham, hana fahamu, tangu agongwe akitoka mazoezi ya kwaya. Aliyemgonga hakusimama. Mzee alifika katikati ya sala, sauti ikamkatika. Kanisa zima tukalia.

Jumatatu, 11 Novemba

Gereji yangu ya Thamesmead leo ni friji tupu. Nimeanza hata hivyo. Nimeosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Nimepitisha lile donge la udongo linalong'oa uchafu uliogandamana. Nimebandika tepu kwenye raba zote.

Kisha jaribio, kipande kidogo cha boneti. Dawa ya kung'arisha kidogo, pedi laini, mashine polepole. Nikafuta, nikawasha taa. Imetoka! Yote! Niliiona sura yangu, mpaka mvi za kidevuni.

Nikahamishia taa fenda ya kushoto. Huko ni mambo mengine. Siyo duara. Mikwaruzo iliyonyooka, kuanzia taa ya mbele hadi mlangoni. Mirefu. Ukipitisha kucha inakwama. Na ndani yake — rangi nyekundu.

Taa ya mbele ya kushoto ni mpya, kioo cheupe. Ya kulia imefifia kizee.

Nikajiambia, nguzo ya parking. Mji huu nani hajagusa nguzo? Nikafunga gereji. Nilipofika kwenye van nikarudi kuhakikisha kama nimefunga.

Jumanne, 12 Novemba

Nimempigia Mzee. Nimeuliza kwa upole tu, ile mikwaruzo ya kushoto tuifanyeje, ina kina, huenda ikahitaji kupigwa rangi upya.

 

"Aa, hiyo! Mbweha, mwanangu. Aliniingia barabarani." Akacheka. "Wewe sugua. Hata kwa nguvu. Ipotee tu."

Kisha akasema hakuna haja ya kumwonyesha mtu.

Mbweha wa London ni wekundu, kweli. Lakini manyoya hayaachi rangi kwenye bati!

Jioni nimemuuliza Blandina. Yeye ni nesi, na Mama Gaudensia yuko wodini kwake. Nikajifanya nauliza tu: hivi siku ile Mama alikuwa amebeba nini?

"Si kile kigari chake cha kukokota cha sokoni. Chekundu kile. Mwanawe anasema polisi wamekichukua, kimepinda."

Nikaweka kijiko chini. Akaniuliza kwa nini nauliza. Basi tu, nikamwambia.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefanya upande wa kulia wote, paa, nyuma. Kushoto sijagusa. Kazi imetoka nzuri mno, na nikajikuta nafurahi. Halafu nikaona aibu kufurahi.

Nilikwenda Lewisham kununua pedi. Bango la njano la polisi bado lipo pale alipogongwa Mama. Linaomba mashahidi. Gari la rangi ya giza, limeandika. Nimesimama naisoma hiyo sentensi kama ni ngumu. Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kama niliona chochote. Nikasema hapana haraka mno, mpaka akanitazama.

Mzee kapiga simu asubuhi. Kapiga mchana. Kapiga jioni. Haulizi gari limefikia wapi. Anauliza, "Umefika kushoto?"

Nimeshindwa. Nimemwambia Blandina kila kitu. Alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka kazini, akakaa kitandani na yunifomu yake.

"Ukiigusa ile fenda, Geofrey, na wewe umo."

"Na nisipoigusa?"

 Akaanza kulia. Kasema jumuiya nzima ni ya Mzee, misiba yetu, harusi zetu, nani atakaa upande wetu? Kasema labda ni nguzo kweli.

Labda. Tumelala tumegeukiana migongo, na wote tuko macho.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama Gaudensia kafumbua macho! Mwanawe katuma ujumbe kwenye group la kwaya. Mama kauliza kiatu chake kiko wapi. Hilo tu, kisha kalala tena.

Wa kwanza kujibu kwenye group ni Mzee Ambrose. Mungu ni mwema, kaandika.

Halafu kwangu binafsi: *Nakuja kesho.*



Ijumaa, 15 Novemba

Naandika nimekaa kwenye van, mlango wazi. Namwona Mzee kutoka hapa. 

Alikuja asubuhi, koti zuri, kofia mkononi. Akalizunguka gari taratibu, anaigusa rangi kwa ncha za vidole. Akatazama paa. Akatazama milango ya kulia. "Una mkono wewe," kasema. Akafika kushoto, akasimama.

"Hii bado."

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu alfajiri. Yote yalinitoka kichwani. Nikasema tu, "Kigari cha Mama Gaudensia kilikuwa chekundu."

 Alivua koti, akalitundika vizuri kwenye msumari. Akachukua mashine ya polishi. Nikamwambia, Mzee, weka chini, hiyo hujaizoea. Akaiwasha mwendo wa mwisho, akaikandamiza kwa ukingo, pale pale kwenye wekundu.

Mashine iliruka kama mnyama! Dawa ikatapakaa ukutani, shatini kwake, usoni. Harufu ya kuungua. Nikaona weusi unapauka, unakuwa kijivu, kisha ikatokea rangi ya chini kabisa. Bado anakandamiza. Midomo inacheza, simsikii kwa kelele. Nikachomoa waya ukutani.

Ndipo nikasikia alichokuwa anasema. "Toka. Toka. Toka."

Alikaa juu ya ndoo. Mimi nikabaki nimesimama na plagi mkononi kama mpumbavu. Niliogopa atanipiga. Hakunipiga. Aliomba maji, nikaogopa zaidi.

Kasema mvua ilikuwa inanyesha. Kasema alidhani ni mbweha. Karudia, alidhani ni mbweha. Akanywa maji, yakamwagikia kifuani, hakufuta.

"Lakini mbweha hawezi kusema 'mama yangu wee'."

Nikaiweka plagi chini.

"Nilisikia, Geofrey. Kwa Kiswahili. Kule Lewisham, mvua yote ile. Nikaongeza mwendo."

Kasema hakujua ni nani. Alijua asubuhi yake, kwaya walipompigia wamwombe aongoze sala.

Kisha akanishika mkono, mikono yake miwili, yote dawa. "Nipe harusi tu. Jumapili nakwenda polisi mwenyewe, kwa miguu yangu. Mtoto aolewe kwanza. Nimewahi kukuomba kitu mimi?"

Hajawahi. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika ulimini, nakiri. Nikamwona Mama Gaudensia anaulizia kiatu.

"Leo, Mzee." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. "Nitakusindikiza. Nitakaa na wewe huko. Lakini usipokwenda leo, napiga simu mimi."

Nikatoa simu nimwonyeshe sitanii. Ikanidondoka. Yeye ndiye aliyeiokota. Aliishika muda mrefu, anaitazama, na mimi nimeziba mlango bila kujua nimefika pale saa ngapi. Kama angenisukuma ningeanguka. Akanirudishia.

"Basi Maureen kwanza," kasema. "Asiambiwe na polisi."

Akampigia pale pale. Nilisikia sauti ya Maureen inavyochangamka, Kiingereza chake cha hapa hapa. Kauliza kama gari limekwisha, kama linang'aa, kama apige picha awatumie wasimamizi wake. Mzee kamjibu kwa Kiswahili. "Njoo gereji kwa Geofrey, mama. Njoo peke yako."

Hakumwambia kwa nini. Maureen anadhani anakuja kuona gari.

Nimempigia Blandina. Kasema anabadilishana zamu, anakuja. Kasema nisimwache Mzee peke yake, hata kidogo. Ufunguo wa gari ninao mimi.

Mzee ameosha uso. Amechana nywele kwa vidole kwenye kioo cha pembeni. Sasa kalishusha koti lake msumarini, kalitandaza juu ya fenda, linafunika palipoungua.

Nimemwita. Nimemwambia, Mzee, litoe hilo koti.

Ananitazama. Hajalitoa.

Kuna taksi imesimama nje. Nasikia mlango. Maureen anamshukuru dereva, anacheka.