Nimesaini Shamba la Ukoo wa Mke Wangu, na Sasa Mimi Ndiye Ninayetakiwa Kumtafuta Msaliti

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimechuchumaa ndani ya banda la kuku, tetea mmoja ananitolea macho, na nakuomba unijibu upesi kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo mwisho wangu. Jina langu usilitaje, na kijiji usikitaje, sema tu ni huku juu ukishaipita Mkuyuni.

Mimi ni mtu wa Singida, nilikuja huku na lori la kununua mananasi, nikamwona Salma, lori likarudi bila mimi, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Desturi ya Waluguru unaijua, ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo shamba ninalolima ni la ukoo wa mke wangu, migomba niliyoipanda kwa mikono yangu ni ya ukoo wa mke wangu, watoto niliowazaa ni wa ukoo wa mke wangu, na siku nikitaka kukata kijiti cha kutia mpini kwenye jembe inabidi nimwombe ruhusa mama mkwe wangu, Bi Zuhura, tena nikiwa nimeangalia chini, maana mkwe hamkazii macho mkwewe. Kwetu Singida mwanamume hata awe mvivu namna gani, akirithi shamba la baba yake anaitwa mwenye shamba. Huku mimi naitwa mume wa Salma. Sinung'uniki, mshauri, nakueleza tu.

Basi mwezi wa tano likaja gari jeupe la kampuni inayotafuta gesi asilia. Salma na mama yake walikuwa wamekwenda msibani Mlali, mimi niko peke yangu napalilia kando ya chemchemi, na chemchemi hiyo ndiyo inayonywesha kijiji kizima, akashuka kijana nadhifu, ofisa mahusiano, anaitwa Godfrey, akavua kofia akasema, "Shikamoo mzee. Samahani, wewe ndiye mwenye shamba?"

Mshauri, miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo! Nilisikia kitu kinapanda kutoka kwenye nyayo mpaka kisogoni, na kabla sijafikiri mdomo ulishasema, "Marahaba. Ndiye mimi." Akaniuliza mpaka uko wapi, nikamwonyesha, tena kwa kunyoosha mkono kama naonyesha mkoa mzima, akasema wanataka kuchimba kisima cha majaribio hapo chini, majaribio tu mzee usiwe na wasiwasi, wakakunjua meza, nikatia sahihi na dole gumba, vyote viwili, ili wasije wakasema sikutia. Wakanipa helmeti ya njano, nikavaa, nikapigwa picha nimeshika kiuno.

Gari lilipoondoka ndipo akili ikarudi, na helmeti nikaificha humu bandani chini ya majani makavu. Wiki mbili baadaye vikapigwa vigingi vyekundu hatua thelathini kutoka kwenye chemchemi, kijiji kikawaka moto. Watu wanasema tope la kuchimbia likiingia kwenye maji tumekwisha, migomba, mananasi na watoto, na mimi nakubaliana nao kabisa, hilo ndilo linaloniuma, maji yale nayanywa mimi! Ukaitwa mkutano, mimi kwa woga nikapiga kelele kuliko wote, nikauliza ni nani huyu asiye na haya aliyetuuza, jasho linanitiririka, watu wakadhani ni uchungu wa kijiji. Bi Zuhura akasimama akasema, "Huyu mkwe wangu hana ukoo hapa, hatampendelea mtu. Awe mwenyekiti wa kamati." Mikono yote ikapanda. Na kazi ya kwanza ya kamati ni kumtafuta aliyesaini.

Kwa hiyo naongoza uchunguzi unaonitafuta mwenyewe. Nimeahirisha kikao mara tatu, ya kwanza kwa mvua, ya pili kwa akidi, ya tatu kwa msiba wa mzee Abuu, ambaye kesho yake alikuja gulioni mwenyewe kununua chumvi. Bi Zuhura naye ameapa mbele ya watu kwamba siku atakayomjua huyo msaliti atamvulia kanga hadharani amlaani, na mshauri, huyo ni mama mkwe wangu, mimi hata usoni sijawahi kumtazama!

Sasa Godfrey amenipigia simu kwa furaha, ati Jumamosi kuna mkutano wa hadhara uwanja wa shule, wakubwa wa wilaya watakuwepo, na ataonyesha kwa projekta picha ya mwenye shamba aliyetoa ridhaa. Hajui kwamba huyo na mwenyekiti wa kamati ni mtu mmoja. Na juu ya hayo, kuku ametagia ndani ya helmeti, sasa anaatamia, na Salma ameanza kuuliza yule tetea mwekundu amepotelea wapi.

Nimefikiria kusema picha imetengenezwa na kompyuta, siku hizi mambo hayo yapo. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kukimbilia Singida, lakini Salma hatakuja Singida, na bila Salma nitakwenda kufanya nini huko? Niokoe.

Mwenye Shamba wa Uongo

MAMA JOSEPHINE ANAJIBU

Mwenye Shamba wa Uongo, pole. Itunze hiyo pole, sidhani kama utapata nyingine leo.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini baba, huko ukishaipita Mkuyuni kuna watu wangapi wa Singida walioachwa na lori la mananasi? Gazeti hili likishasomwa linafungiwa maandazi. Una siku mbili, basi, kabla Salma hajafungua andazi akakukuta ndani. Zitumie.

Umenichekesha, halafu umenikasirisha. Umetoa maji ya kijiji kizima kwa shikamoo moja! Na huyo Godfrey naye, msomi mzima, anamkuta mtu ameshika jembe, anamuuliza kama shamba ni lake, anaridhika na jibu. Angemuuliza mtoto yeyote wa darasa la pili angeambiwa shamba ni la kina nani. Au pengine hakutaka kuambiwa.

Usije ukadhani naichukia gesi. Hapa ninapoandika maharage yangu yanachemka juu ya mtungi. Lakini yanachemka ndani ya maji, baba.

Sasa sikiliza. Mimi nimezaliwa Mlali. Baba yangu alikuwa mkwe kama wewe, alilima shamba la ukoo wa mama yangu miaka arobaini, na hakuna siku hata moja aliyoitwa mwenye shamba. Nilimwona akiumia, kwa hiyo najua kitu gani kilikupanda kisogoni siku ile. Nimekuelewa. Ila baba yangu alisaini daftari la shule tu, kwamba mimi ni mtoto wake, na ndizi za shamba lile zikanisomesha mpaka leo nakugombeza.

Habari za kompyuta ziache. Kuugua acha, utamuua na mzee Abuu mara ya pili. Leo hii mshike Salma mkono, mpeleke bandani, mwonyeshe kuku wake. Helmeti itaanza kueleza, wewe utamalizia. Atapiga kelele, mwache apige, ana haki nazo. Kuku msimwondoe, hana kosa.

Kwa mama mkwe usiende mwenyewe. Mkwe hapeleki kosa lake kwa miguu yake. Mtafute mshenga aliyekuposea, aende na Salma, akaseme mbele ya Bi Zuhura na wajomba wa ukoo. Uenyekiti nao urudishe siku hiyo hiyo, kabla hujaombwa. Kisha Salma na wajomba washuke mjini Morogoro kwa watoa msaada wa kisheria, waeleze ardhi ni ya nani na nani alisaini. Na kamati ichukue maji ya chemchemi yapimwe sasa hivi, kabla tope la mtu yeyote halijaingia, majibu yawekwe kwa maandishi. Kampuni iombwe taarifa yake ya mazingira, kwa Kiswahili, isomwe mkutanoni mpaka ukurasa wa mwisho.

Halafu ifike Jumamosi. Mwache Godfrey awashe projekta yake. Ukishatokea pale umeshika kiuno na kofia ya njano, watu wakishamaliza kucheka, simama useme hivi: "Huyo ni mimi, na shamba hilo si langu. Sina hata mgomba mmoja hapa. Mmemuuliza mkwe, wenye ardhi hamjawauliza." Hilo neno la kwamba shamba si lako, lililokukera miaka kumi na tisa, ndugu yangu, liseme kwenye kipaza sauti wilaya nzima isikie, maana mkwe akiuza mbuzi wa wakwe, mbuzi hurudishwa. Ukimaliza mpe kipaza sauti Bi Zuhura, wewe urudi nyuma unyamaze.

Kanga yake sidhani kama ataivua. Mwanamke aliyekuamini mbele ya kijiji atakasirika sana, kisha atakumbuka kwamba ulisema mwenyewe. Pengine itachukua mwezi, pengine msimu mzima wa mananasi, wewe endelea kupalilia. Na siku atakayosema, "Mkwe wangu, njoo ukae hapa," kaa, wala usiulize kiti ni cha nani.